Mwezi wa Mayai Manne

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Alitengeneza majokofu na vyumba vya baridi vya wauza nyama, na mikono yake ilinuka mafuta ya kompresa hata siku za mapumziko. Yeye naye alimwita mkewe Bibie. Bibie alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli kubwa, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha ambamo mashine zilinguruma kutwa kucha na mvuke wa pasi ukaharibu kila mtindo wa nywele alioutengeneza. Walipendana kwa utani. Wakigombana, aliyeshindwa ndiye aliyepika.

Ndoa ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila mtoto walipokwenda kupimwa. Bibie alianza, maana siku zote anaanza mwanamke: akachomwa sindano, akapigwa picha, akaambiwa hana tatizo. Ndipo Fundi naye akapewa kikopo chake. Majibu yakaja kwamba hakuna mbegu hata moja. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi. Aliwahi, alipokuwa mwanafunzi. Mashavu yalivimba, na kingine kikavimba pia, ambacho kwa aibu hakumwambia mtu.

Siku ile alirudi nyumbani akaifungua friji yao wenyewe, nzima kabisa, akamwaga skrubu zote sakafuni. Bibie alimkuta amekaa katikati ya vyuma.

"Kama unataka kwenda, nenda," Fundi alisema bila kuinua kichwa. "Sitakulaumu."

"Niliolewa na wewe, sikuolewa na vipimo. Na hiyo friji uirudishe ilivyokuwa, nyama itaoza."

Aliyeleta wazo la mbegu za mchangiaji ni Fundi mwenyewe, baada ya miezi ya kulizungusha kichwani. Aliweka masharti mawili tu: mama yake asijue, na huyo mchangiaji afanane naye. Kliniki ikawaonyesha maelezo ya watu wasio na majina: urefu, rangi, kundi la damu, kazi. Mmoja alikuwa mrefu kama Fundi, mweusi kama Fundi, na aliandika kwamba anapenda kutengeneza vitu vilivyoharibika. Fundi aliweka kidole hapo, akakiacha.

"Huyu," alisema. "Huyu hata tukikutana njiani tutasalimiana."

Vichupa vya mtu huyo vilivyobaki kwenye mtungi wa baridi vilikuwa vichache, na mwenyewe alikuwa ameshaacha kuchangia. Vikiisha, vimeisha.

Daktari aliyewahudumia mwanzo alikuwa mzee mpole ambaye wagonjwa walimbandika jina la Subira, kwa sababu ndilo neno alilowapa wote waliotoka chumbani mwake wakilia. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: hakuna dawa, hakuna picha. Bibie apime mkojo kwa kijiti kila asubuhi, na mstari ukikolea, maana yake yai linakaribia kutoka, aje kesho yake apandikizwe mbegu. Bibie alipima chooni kazini, mlango ukigongwa na wasichana wa zamu, kijiti akikishika mbele ya balbu. Mara ya kwanza mstari ulikolea Jumamosi asubuhi. Jumapili kliniki ilikuwa imefungwa. Akapandikizwa Jumatatu, na kwa kuwa Subira hakutaka kumsumbua, mbegu ziliwekwa mlangoni tu mwa kizazi, zijitafutie njia. Hazikuitafuta, au ziliipata na kukuta mwenyeji ameshaondoka.

Mara ya pili ikawa hivyo. Ya tatu, mstari haukukolea kabisa, wakabahatisha siku. Kila mwezi damu ilimjia akiwa kazini, katikati ya mashuka meupe ya watu, na kila mwezi aliketi dakika moja juu ya kikapu cha taulo, kisha akanyanyuka akawakaripia wasichana kwa kosa lolote aliloliona karibu.

Mama mkwe alipiga simu kila mwisho wa wiki. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza habari za kazi, za mguu wa Bibie uliokuwa ukimsumbua, za mvua, na mwishoni sauti ikashuka: "Na huko kwingine, mwanangu?" Bibie akajibu, "Tunaomba Mungu, mama," akakata simu akiwa na hasira na Mungu, na mama, na simu.

Subira akaondoka kwenda kufungua kliniki yake mwenyewe, juu ya duka la vioo, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyesoma faili lao kurasa zote huku wao wamekaa tu wanamtazama. Alipomaliza akavua miwani.

"Sitamsema mwenzangu," alisema. "Ila niwaambie kitu. Mbegu iliyotoka kwenye baridi haina subira. Ya kawaida inaweza kulingoja yai siku mbili tatu. Hii ikishayeyuka, ni siku moja, pengine chini ya hapo. Ukikosea saa, umeitupa. Vichupa vyenu vingi vimetupwa."

Fundi akauliza, "Sasa tufanye nini?"

"Tubadilishe utaratibu. Atumie dawa ya kukuza yai, tulitazame kwa picha likikua, likifika ukubwa tumchome sindano ya kuliachia, hapo saa tunaijua sisi, si kijiti. Na mbegu tuzisafishe, tuziweke ndani kabisa." Akaivaa tena miwani. "Msinielewe vibaya. Kati ya wanawake kumi wa umri wako, dada, kwa njia ile ya zamani, akipata mmoja kwa mwezi tunashukuru. Kwa hii labda wawili. Wanane watarudi hapa wanalia, nami nitawapa karatasi ya kufutia machozi."

Njiani Fundi alisema, "Angalau huyu hadanganyi." Bibie hakumsikia. Katika maneno yote yale alikuwa amebeba neno moja tu: wawili.

Mwezi wa kwanza wa vidonge ulimpa yai moja zuri, na saa ikapatikana sawasawa, na bado damu ikaja. Kilichomtisha Bibie ni kwamba safari hii hapakuwa na kosa la kulaumu. Kila kitu kilifanyika ipasavyo na mwili wake ukasema hapana. Kichupa kikabaki kimoja.

"Niongezee dawa," alimwambia daktari.

Daktari hakupenda, lakini alikubali kumhamishia kwenye sindano, kwa dozi ndogo, na akaonya kwamba miili mingine huitikia zaidi ya inavyoombwa. Fundi ndiye aliyemchoma, tumboni, kila jioni baada ya kunawa mikono mpaka vidole vikasinyaa. Alikuwa akitoa pumzi yeye badala ya Bibie. "Umemaliza?" Bibie aliuliza. "Nimemaliza zamani," akasema, macho yamefumbwa. Walicheka. Zile zilikuwa jioni nzuri za mwisho kwa muda mrefu.

Siku ya picha, tumbo la Bibie lilikuwa limejaa kama amekula karamu. Daktari alizungusha kifaa, akatazama skrini, akazungusha tena. Ilionekana miduara myeusi imekaa pamoja. Alihesabu kwa kidole bila sauti.

"Manne," alisema. "Yote yamekomaa. Pole sana, dada. Mwezi huu tunaahirisha."

Bibie alidhani amesikia vibaya. "Manne si ndiyo vizuri? Tumetafuta moja mwaka mzima."

"Nikikupandikiza leo unaweza kubeba watatu, wanne. Hao wanazaliwa kabla ya wakati. Wengine hawaishi. Wakati mwingine na mama haishi. Utaratibu wetu ni kwamba zaidi ya mawili, hatuendelei. Mwezi ujao napunguza dozi, tunaanza upya."

"Niwekee tu."

"Siwezi."

"Daktari, nakuomba. Nitasaini popote. Mimi ndiye nitakayebeba." Alikuwa ameketi juu ya kitanda, shuka ya karatasi imemganda mapajani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asifungiwe mlango. "Mwezi ujao nikipata moja, likakataa kama lile lingine? Leo ninayo. Yapo, umeyaona. Usiyaache yapotee."

Fundi alisogea akamshika bega. "Tuache mwezi huu, Bibie. Tusikie anachosema."

Bibie aligeuka.

"Wewe una nini cha kuacha hapa? Mbegu si yako."

Sista aliyekuwa mlangoni alianza kupanga glavu zilizokwisha kupangwa. Fundi aliondoa mkono wake begani taratibu, kama mtu anayeondoa mkono juu ya kitu cha moto asitake kionekane kimemuunguza. Akasema, "Nipo kwenye gari," akatoka.

Nyumbani Fundi alikula alichopikiwa, akashukuru, akalala akiutazama ukuta. Bibie alitaka kuomba msamaha, lakini msamaha ulihitaji nafasi, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya kitu chochote isipokuwa miduara ile minne. Asubuhi, Fundi alipoondoka na kisanduku chake cha vifaa, Bibie alimpigia simu Subira.

Mzee alimkumbuka. "Njoo, binti yangu," alisema. "Njoo sasa hivi."

Kliniki ya juu ya duka la vioo ilikuwa na viti vipya na pazia la plastiki. Subira hakumpiga picha. Alimuuliza kama alikuwa akitumia dawa, Bibie akasema ndiyo, sindano, akamuuliza mayai mangapi, Bibie akasema, "Mawili." Mzee aliandika mawili. Akamchoma sindano ya kuachia mayai, akamwambia arudi kesho yake, na kesho yake Bibie aliomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino.

Alipokuwa amelala kitandani, miguu imeinuliwa, alimwona mzee akiingia na kichupa.

"Ni ya nani hiyo?" akauliza.

"Ya mtu mzima mwenye afya njema. Usiwe na wasiwasi."

"Anafananaje?"

"Kama watu," Subira alisema kwa upole. "Legeza mwili, binti yangu."

Alifumba macho. Alijua kwamba angeweza kunyanyuka. Miguu ilikuwa yake, mlango haukufungwa. Alilegeza mwili.

Jioni alimngoja Fundi sebuleni bila kuwasha redio. Alimwambia yote, tangu simu mpaka kichupa, bila kupamba. Fundi alisikiliza akiwa amesimama, kisanduku cha vifaa bado mkononi.

"Umekula?" hatimaye akauliza.

"Fundi, sema kitu."

"Nimesema. Umekula?"

Kipimo kilipoonyesha mimba, Bibie alikikalia kimya siku nzima. Furaha aliyokuwa akiingoja miaka yote ilikuja nusu, ikasimama mlangoni. Walirudi kwa yule daktari mkavu, kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kumwamini. Daktari alisikiliza habari za duka la vioo bila kubadilika uso, akaweka kifaa tumboni, na kwenye skrini ikaonekana mioyo mitatu ikidunda, kila mmoja kwa mwendo wake.

Bibie alingoja kukaripiwa. Daktari alifuta kifaa.

"Yaliyopita yamepita," alisema. "Sasa ni kazi ya kuwaweka humo ndani kadiri tunavyoweza. Kazi ya dobi uache leo."

Mama mkwe alifika na mabegi mawili na hakuuliza atakaa mpaka lini. Alifurahi furaha ya kutisha. Alimkataza Bibie kuinama, kucheka sana, hata kuchana nywele mwenyewe. "Upande wetu hatujawahi kupata pacha," aliwaambia majirani, "hawa watatu ni baraka za upande wa mama." Fundi alimtazama mama yake akisema hivyo, akaenda nje kuosha gari lililokuwa safi. Lakini kila siku alipitia sokoni, alileta matunda, alimkanda Bibie miguu iliyovimba kama magogo. Alifanya kila kitu. Utani tu ndio hakufanya.

Chupa ya uzazi ilipasuka asubuhi moja, mapema mno, mama mkwe akiwa anakunja nepi. Bibie alisikia joto likishuka mapajani, akajua. "Mama," alisema, "mwite mwanao." Mama mkwe aliona sakafu, akaketi chini palepale na nepi mkononi, na ikabidi Bibie ampige simu Fundi mwenyewe.

Walizaliwa wavulana wawili na msichana, kila mmoja akitosha kwenye kiganja cha daktari. Mvulana wa kwanza aliishi asubuhi ile tu. Wa pili aliishi mpaka kesho yake, akipambana na kila pumzi kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni, kisha akaacha. Bibie hakuweza kunyanyuka kitandani, kwa hiyo aliletewa wa pili amefungwa kitambaa cha hospitali, akamshika. Alikuwa na kucha. Hilo ndilo lililomshinda Bibie, kwamba alikuwa na kucha zote.

Fundi aliwazika. Alikwenda na mama yake na wanaume watatu wa mtaani, na alikataa kupokewa koleo. Aliporudi wodini suruali ilikuwa na udongo magotini. Aliketi pembeni ya kitanda.

"Kama ningekusikiliza siku ile..." Bibie alianza.

"Siyo leo," Fundi akasema. "Msichana bado yuko vitani. Maneno hayo yana siku yake."

Msichana alilala kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, mirija puani, kofia iliyokuwa kubwa kwa kichwa chake. Bibie alikamua maziwa akampa sista, sista akayapitisha kwenye mpira mwembamba kama uzi, na mara nyingine mtoto aliyarudisha yote. Kulikuwa na asubuhi alizosahau kupumua na kengele ikalia, na sista akamgusa unyayo kwa kidole, akakumbuka. Bibie alijifunza kutomtazama mtoto, akatazama mashine. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa ameanza kujitayarisha kuzika na huyu.

Katika siku hizo simu yake ililia. Ilikuwa sauti changamfu ya msichana wa mapokezi, kutoka juu ya duka la vioo.

"Habari, mama. Tunafuatilia wateja wetu. Ile huduma yetu, ulipata mimba?"

Bibie alitazama kisanduku cha kioo. "Nilipata."

"Hongera sana. Basi tunakuandika kwenye waliofanikiwa."

"Andika pia..." Bibie alisema, lakini msichana alikuwa ameshashukuru na kukata.

Alibaki na simu sikioni. Akafikiria wanawake watakaopanda ngazi zile na kuambiwa hesabu nzuri, yeye akiwa ndani ya hesabu hiyo. Akampigia yule daktari mkavu, akamweleza jambo lote lilivyokuwa, pamoja na uongo wake wa mayai mawili. Daktari alisema atalifikisha kwa wanaohusika. Kama alilifikisha, Bibie hakusikia tena. Kliniki ya duka la vioo iliendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Msichana alishinda. Si kwa kishindo. Aliongeza uzito kwa gramu za kuombea, akapungua, akaongeza. Walipokabidhiwa wamchukue, alikuwa na uso mpana na masikio madogo yaliyobana kichwani, uso ambao haukuwa wa Fundi wala wa Bibie. Mama mkwe alimchunguza muda mrefu, akasema atabadilika, watoto hubadilika, akampakata na kumwimbia bila kuuliza zaidi. Kama alielewa, alilimeza.

Mama mkwe alipolala mchana ule, Fundi na Bibie waliketi kwenye ukingo wa kitanda, mtoto kati yao.

"Siku yake ndiyo leo," Bibie alisema. "Nilikwambia mbegu si yako."

"Uliniambia."

"Sijui neno lile lilitoka wapi."

"Lilitoka ndani, Bibie. Lilikuwepo. Na mimi lilikuwemo ndani yangu kabla yako, ndiyo maana liliuma." Alikuwa akiongea polepole, akitazama mikono yake. "Bado linauma. Sitakudanganya kwamba limekwisha. Na kwamba ulikwenda kule bila mimi, hilo linauma kuliko neno lenyewe. Lakini wale wavulana niliwashusha kaburini mimi. Nilipokuwa chini pale sikujiuliza ni wa nani. Nilikuwa nawazika wanangu, basi."

Bibie alilia, na safari hii hakujizuia, na Fundi hakumwambia nyamaza. Alimwacha mpaka akachoka. Kisha akasema daktari anawataka wiki ijayo kwa ajili ya mapafu ya mtoto, na kwamba atamwomba mwenye duka la nyama ambadilishie siku ili waende pamoja.

"Tutakwenda asubuhi?" Bibie akauliza.

"Asubuhi," Fundi akasema, akamvuta mtoto karibu ili amfunike vizuri.